Dozi mbili kwenye kadi, na bado ameharisha: kisa cha mtoto wa miezi 9, mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mtoto wa kiume, miezi 9, kilo 7.2. Ameletwa zahanati asubuhi kwa boti kutoka kambi ya dagaa iliyo kusini mwa mdomo wa mto Malagarasi, wilaya ya Uvinza, mkoa wa Kigoma. Alianza kutapika juzi jioni, na usiku uleule akaanza kuharisha maji matupu, mara nane au tisa kwa siku, bila damu. Macho yamedidimia. Hatulii. Ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, ila haifiki sekunde mbili. Akisogezewa kikombe anakinyakua kwa kiu. Kadi yake ya kliniki ina dozi mbili za chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, zote na tarehe.

Bibi aliyempakata akasema mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi: "Mlituambia akipewa yale matone hataharisha. Haya, mtazameni." Mama mmoja mwenye kichanga cha wiki saba akakaza mbeleko, akainuka kuondoka.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwenye zahanati za mwambao, wala hakimhusu mtoto mmoja anayeweza kutambuliwa. Kina shida mbili kwa mpigo: mtoto anayehitaji maji sasa hivi, na mama anayeondoka na kichanga ambacho hakijachanjwa. Kwa maoni yetu shida ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na chanzo chake ni maneno yaliyotoka mdomoni mwa watu wa afya wenyewe.

Kwanza maji

Dalili zile ni za upungufu wa maji wa wastani. Hapo ni Mpango B: mililita 75 za maji ya ORS kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Kwa kilo 7.2 ni mililita 540, sawa na 135 kwa saa. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwa hiyo ni vijiko 27 kwa saa, takribani kijiko kimoja kila dakika mbili. Mama ndiye anayenywesha, muuguzi anahesabu. Mtoto akitapika, wanasubiri dakika 10 kisha wanaendelea taratibu zaidi. Ziwa la mama halikatizwi. Saa 4 zikiisha anapimwa upya tangu mwanzo: macho, kiu, ngozi, uchangamfu.

Angekuwa amelegea, hawezi kunywa, na ngozi inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, huo ni Mpango C: mililita 100 kwa kilo za Ringa lakteti (maji ya dripu) kwenye mshipa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, 30 kwa kilo huingia katika saa ya kwanza (kwake 216) na 70 kwa kilo katika saa 5 zinazofuata (kwake 504). Mwambaoni mshipa unaweza kukosekana na boti ya rufaa ikawa haijafika. Hapo mpira wa puani ndio unaookoa: ORS mililita 20 kwa kilo kwa saa, yaani 144, kwa saa 6. Zahanati ambayo boti ndiyo gari lake la wagonjwa haifai kukaa bila mipira hiyo ya saizi ya watoto.

Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Aliye chini ya miezi 6 hupewa nusu yake. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko kwa maziwa ya mama au maji safi. Viuavijasumu havikuhitajika, kwa kuwa hakukuwa na damu kwenye choo wala dalili za kipindupindu. Metronidazoli ambayo bibi alikuwa ameinunua duka la dawa haikuwa na kazi hapa.

Jambo moja lilionekana mama alipotoa chupa mkobani. Alikuwa ameanza ORS nyumbani tangu siku ya kwanza, na hilo ni la kupongezwa. Lakini pakiti ilikuwa ya lita moja, naye aliimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu akaijaza hadi shingoni. ORS inayotumika sasa ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Ndani ya lita moja na nusu zinabaki 50 na 50. Mtoto anakunywa, anashiba maji, lakini chumvi anayoipoteza hairudi inavyopaswa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: pakiti ya lita moja ndani ya nusu lita hutoa sodiamu 150, na hiyo inaweza kumletea mtoto degedege. Siku hizi pakiti za nusu lita nazo zipo. Kwa hiyo mama hafundishwi "pakiti moja, chupa moja". Anaonyeshwa namba iliyoandikwa kwenye pakiti yake, kisha anaonyeshwa kwenye chupa yake mahali maji yanapoishia.

Je, chanjo ilishindwa?

Swali la bibi lina haki ya kujibiwa. Kulijibu kunataka kupita hatua kwa hatua, maana neno "imeshindwa" limebeba mambo manne tofauti.

La kwanza: huenda hii si rota kabisa. Kuhara kwa watoto husababishwa na vijidudu vingi. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi saba za Afrika na Asia na kutolewa mwaka 2013 uliwataja wanne wa mbele katika kuhara kwa wastani na kukali: rota, kriptosporidiamu, shigela, na aina fulani ya ekolai inayotoa sumu. Chanjo iliyo kwenye kadi inamlenga mmoja tu kati ya hao. Kutapika kwanza halafu maji matupu, umri wa miezi 9: picha inafanana na rota, ila zahanati haina kipimo cha choo cha kuthibitisha, wala tiba isingebadilika.

Mkoa huu una sababu nyingine ya kuchanganya mambo. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi waliporundikana ufukweni Kagunga na kipindupindu kikalipuka, ilitolewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Wapo wazee wanaoziita zote mbili "chanjo ya kuhara". Ni chanjo mbili tofauti, kwa magonjwa mawili tofauti. Muuguzi akisema "chanjo ya rota" na kurudia jina hilo, anapunguza nusu ya mkanganyiko.

La pili ni tarehe. Ratiba ya Tanzania, tangu chanjo hii ilipoingizwa mwaka 2013, ni wiki ya 6 na wiki ya 10. Mtoto huyu alipata ya kwanza akiwa na wiki 11 na ya pili wiki 19. Dozi hizo ni halali. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani halimnyimi mtoto aliyechelewa, mradi hajavuka miezi 24. Lakini aliishi wiki tano za ziada bila kinga, kisha nane akiwa na nusu. Katika nchi maskini rota huwapata watoto wakiwa wadogo zaidi kuliko Ulaya, na wengi wa wanaolazwa hawajafikisha mwaka. Kuchelewa huku, mwambaoni, si uzembe. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza, na siku hizo mama yuko mchangani anaanika. Wiki ya sita iliangukia gizani. Dozi ya pili ilikwama kwa sababu safari ya huduma ya mkoba iliahirishwa: upepo wa kusi ulikuwa umechafua ziwa.

La tatu: dawa ilifika ikiwa hai? Hii ni chanjo ya virusi hai waliodhoofishwa, inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kugandishwa. Kibandiko cha duara chenye mraba ndani kinasema kama joto limeiharibu: mraba ukifanana rangi na duara au ukiwa mweusi zaidi, dozi inatupwa. Watu wengi husahau kwamba kibandiko hicho hakisemi lolote kuhusu baridi. Aispaki (pakiti za barafu) zikitoka moja kwa moja kwenye friza zikapangwa ndani ya kibebea chanjo, kwa saa za mwanzo zinaweza kugandisha kilicho karibu nazo, na hapo chanjo za sindano kama pentavalenti huharibika bila kuonyesha alama kwenye kibandiko. Aispaki huachwa mezani hadi zitoe jasho, na ukitikisa moja karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Ndipo hupakiwa. Katika kisa hiki daftari la joto la jokofu la sola lilikuwa limejazwa asubuhi na jioni, na wiki zote mbili za chanjo zilikuwa salama.

Utoaji wenyewe una ufundi wake. Kirija kina mililita 1.5. Mtoto hulazwa kidogo kwa nyuma mapajani mwa mama, ncha inaelekezwa ndani ya shavu na si kooni, na dawa inasukumwa kidogo kidogo huku akimeza. Rota hutangulia, sindano zinafuata. Mtoto anayelia kwa sindano hutema. Akitema sehemu kubwa, maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu dozi moja ya kufidia palepale. Kosa linaloonekana kliniki zenye foleni ndefu ni kuanza na sindano kwa sababu ndizo ziko tayari mezani.

Tumbo la mtoto lenyewe

Tufanye ilikuwa rota, tarehe zingekuwa sawa, dawa hai, na hakutema hata tone. Bado kuna uwezekano mkubwa kwamba angeugua. Hili ndilo jambo la nne, na ndilo ambalo mara nyingi halisemwi kliniki.

Chanjo ya sindano hupita msulini. Chanjo ya kunywa inabidi virusi vyake vifike utumboni, vishike, vizaliane kidogo, ndipo mwili ujifunze. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa Helsinki na ule wa mtoto aliyezaliwa kambi ya dagaa ni mashamba mawili tofauti. Kambini mama ameugua rota mara nyingi maishani, hivyo kingamwili zake zilizovuka kondo na zile za kwenye maziwa huikamata chanjo kabla haijashika. Utumbo wa mtoto umekutana na vijidudu tangu wiki ya kwanza na kuta zake zimevimba kidogo muda wote, hata asipoharisha. Matone ya polio anayopewa siku hiyohiyo nayo ni virusi hai, vinavyogombea nafasi ileile, hasa kwenye dozi ya kwanza. Upungufu wa lishe unaongeza. Zaidi ya hapo, aina za virusi vya rota zinazozunguka Afrika ni nyingi, na watoto wengine huzaliwa na kundi la damu la Lewis ambalo aina fulani ya virusi, pamoja na ile iliyo ndani ya chanjo, haishiki vizuri.

Ndiyo maana takwimu zimetofautiana hivi. Chanjo yenye aina tano za virusi ilipojaribiwa, hasa Finland na Marekani, ilizuia 98% ya kuhara kukali kwa rota. Ilipojaribiwa Ghana, Kenya na Mali ilizuia 39% kwa takribani miaka miwili, ikiwa juu zaidi mwaka wa kwanza na kushuka sana mwaka wa pili. Chanjo ya aina moja ya virusi, ambayo ndiyo Tanzania ilianza nayo, ilizuia 76.9% Afrika Kusini na 49.4% Malawi katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2010. Dawa ileile, kiwanda kilekile.

Msomaji akiishia hapo atasema nchi maskini zimepewa chanjo mbovu. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Katika jaribio hilohilo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Afrika Kusini ilizuia visa vikali 4.2 kwa mwaka. Malawi ilizuia 6.7. Asilimia ndogo zaidi, watoto wengi zaidi waliookolewa na kitanda cha wodi, kwa sababu Malawi rota ilikuwa nyingi kuliko Afrika Kusini. Gawanya mwenyewe: 6.7 kwa 0.494 inakupa kama visa 13 au 14 kwa watoto 100 wasiochanjwa, 4.2 kwa 0.769 inakupa 5 na kitu. Nusu ya mzigo mkubwa imezidi robo tatu ya mzigo mdogo.

Marekani, kabla ya chanjo kuanza mwaka 2006, rota ililaza watoto kati ya 55,000 na 70,000 kila mwaka, lakini waliofariki walikuwa 20 hadi 60, maana dripu iko karibu. Duniani kote mwaka 2013 virusi hivi viliua watoto wapatao 215,000 wa chini ya miaka mitano, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Uingereza, iliyoanza chanjo Julai 2013, visa vilivyothibitishwa maabara kwa watoto wa chini ya mwaka vilishuka 77% katika msimu wa kwanza tu. Ushindi huo ni wa kweli. Ila huko chanjo ilipunguza hasa kulazwa hospitali. Malawi, vijijini, ilipunguza vifo vya watoto vitokanavyo na kuhara. Tukiulizwa ni wapi chanjo hii ina thamani zaidi kwa kila dozi, jibu letu ni mwambaoni, na hatusemi hivyo kwa kumfariji mtu.

Kuna wanaosema dawa ni maji safi na vyoo, chanjo ni anasa. Maji safi ni haki ya watu wa kambi na yatawaokoa na kipindupindu na shigela. Kwa rota peke yake hayatoshi: kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshaambukizwa rota kabla ya miaka mitano, hata kwenye nchi ambazo maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa.

Majaribio ya kurekebisha yamefanyika. Mama waliombwa kuacha kunyonyesha kwa muda kabla na baada ya dozi. Haikusaidia, kwa hiyo asiambiwe hivyo. Kutenganisha rota na matone ya polio kwa siku kadhaa kunaweza kuinua mwitikio kidogo, lakini mama aliyelipa nauli ya boti mara moja huenda asirudi, na hapo unapoteza chanjo zote mbili kwa ajili ya asilimia chache. Zote zitolewe siku moja. Kinachoonekana kuwa na matumaini ni chanjo ya kuanza siku chache tu baada ya kuzaliwa. Iliyojaribiwa Indonesia ilionyesha kinga nzuri.

Kwa nini wodi imejaa waliochanjwa

Mganga anayetazama wodi yake na kukuta karibu wote wana dozi mbili, anaweza naye kuanza kuwa na shaka. Chukua mfano wa hesabu tu. Watoto 1,000, kati yao 950 wamechanjwa, 50 hawajachanjwa. Tuseme asiyechanjwa ana uwezekano wa 10% kupata rota kali, na chanjo inazuia 60%. Wasiochanjwa watakaolazwa ni 5. Waliochanjwa ni 4% ya 950, yaani 38. Wodini utahesabu 43, na 38 wana kadi nzuri. Bila chanjo wangekuwa 100. Wale 57 hawapo wodini, hakuna anayewaona, na hakuna bibi atakayekuja benchi kuwasemea.

Basi muuguzi alimwendea bibi, akachutama mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, maneno tuliyowaambia hayakuwa sawa. Chanjo ya rota haizuii kuhara kote. Inapunguza kule kukali kwa rota, karibu nusu au zaidi kidogo. Huyu hatujui kama angekuwa mbaya kuliko hivi. Tunajua kwamba wapo ambao wangelazwa na hawakulazwa."

Bibi hakujibu papo hapo. Aliuliza kijiko cha ngapi hicho. Cha kumi na tisa.

Sentensi ile ya mwanzo, "hataharisha", ndiyo iliyomwinua yule mama mwingine, na ndiyo inayotakiwa kufutwa kliniki nzima. Mama mwenye kichanga cha dozi ya kwanza aambiwe pia la kuangalia kwa siku saba: mtoto akilia kwa vipindi huku anakunja miguu, akitapika mfululizo, au choo kikiwa na damu kama jeli, aletwe bila kungoja, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani yake wenyewe. Ni nadra sana, na utafiti uliofanyika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, haukuona chanjo ikiongeza hatari hiyo. Huambiwa hata hivyo, ili asije akalisikia kwanza kwa jirani.

Saa 4 zilipoisha mtoto alikuwa amekojoa, macho yamerudi, anacheza na kifuniko cha chupa. Alirudi nyumbani na Mpango A: mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, zinki za siku zilizobaki, na chupa ileile ya lita moja na nusu, safari hii ikiwa na mstari wa kalamu ya wino mzito mahali lita moja inapoishia.

Yule mama wa kichanga alikuwa bado gatini akingoja boti ijae. Mhudumu wa afya wa jamii alimfuata, wakarudi pamoja, na mtoto akapata kirija chake akiwa na wiki 7. Mwezi ulikuwa mpevu siku mbili zilizopita. Dozi ya pili inataka siku 28 au zaidi, na mwezi hupevuka tena baada ya siku 29 au 30, kwa hiyo aliyechanjwa siku za mbalamwezi anaweza kurudi mbalamwezi ijayo bila kukosa giza hata moja la dagaa. Muuguzi aliandika tarehe kwenye kadi, na pembeni yake kwa penseli: mbalamwezi.